Daftari la Kijiji: Vikundi vya Wakazi na Historia ya Makazi ya Maskini Nairobi

Historia ya makazi ya watu wa kipato cha chini jijini Nairobi imezoeleka kuandikwa kama historia ya ubomoaji, yaani orodha ya vijiji vilivyochomwa moto, vilivyosagwa kwa tingatinga au ambavyo watu wake walihamishwa kwa nguvu, na orodha hiyo ni ndefu kweli. Lakini masimulizi ya namna hiyo hayaelezi kwa nini vijiji vingine, ambavyo mbele ya sheria vilikuwa dhaifu sawa na vile vilivyobomolewa, vimebaki pale pale kwa miongo kadhaa, watu wakazaliwa humo, wakaoa na kuolewa humo, wakalea wajukuu humo. Sehemu kubwa ya maelezo inapatikana katika kazi ya vikundi vya wakazi wenyewe, vikiwa ni vyama vya akiba, kamati za vijiji na mashirikisho yaliyoundwa kwa kuviunganisha, na ndani ya kazi hiyo kuna jambo moja ambalo halijapewa uzito unaolistahili, nalo ni uandikishaji: nani aliandikwa, aliandikwa na nani, na katika daftari lipi. Mara nyingi familia ilinusurika kufukuzwa kwa sababu jina lake lilikuwamo katika kumbukumbu ambayo wakuu wa mji hawakuweza kuipuuza, hata kama nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo na mabati yaliyotoboka.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya ujenzi wa reli, na kwa miongo yake ya kwanza watawala waliiona kuwa mji ambao Mwafrika huingia kufanya kazi na kisha kurudi kwao. Fikra hiyo ilijidhihirisha katika kipande, yaani cheti cha kazi ambacho baada ya Vita Kuu ya Kwanza wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba, aghalabu katika kijisanduku cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Kipande kilimtambua mtu kwa jina lake, alama za vidole vyake na waajiri aliowatumikia. Hakikumtambua mke, mtoto, wala chumba alicholala. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 baraza la mji lilipima viwanja Pumwani, Waafrika wakajenga humo kwa gharama zao wenyewe nyumba za vyumba vilivyoelekeana pande mbili za ukumbi, kwa mtindo wa Pwani, huku ardhi ikiendelea kuwa ya baraza. Na mwishoni mwa muongo uliofuata kijiji cha Pangani, kilichokuwa kikongwe kuliko Pumwani, kilibomolewa na wakazi wake kuelekezwa Shauri Moyo. Wengi wa wenye nyumba wa Pumwani walikuwa Waislamu, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wengi waliofika mjini bila waume na kuifanya kodi ya vyumba kuwa tegemeo lao la uzeeni. Kwa kuwa walikuwa mbali na koo zao, walitegemea msikiti, jirani na vikundi vya kusaidiana katika ugonjwa na mazishi. Vikundi hivyo viliweza kumzika mtu kwa heshima, lakini havikuwa na la kusema baraza lilipoamua kwamba mtaa uondoke.

Baada ya uhuru, mahali ambapo vikundi vya wakazi vilijaribu kwa mara ya kwanza kuishika ardhi yenyewe ni katika bonde la Mathare. Vijiji vya hapo vilijaa haraka katika miaka ya 1960, vikiwa na kamati zilizoamua kesi ndogo ndogo, zilizoendesha shule za chekechea na kulinda usiku, na baadhi ya wakazi wakaunda vyama vya ushirika kwa nia ya kuchanga fedha na kuinunua ardhi waliyokuwa wakiikalia, ambayo kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa watu binafsi. Wazo lilikuwa zuri, na kwa muda mfupi lilionekana kufaulu, kwani kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ardhi kubwa ya bonde ilikwisha nunuliwa. Hata hivyo, vyama vingi vilikuwa vimegeuka kuwa kampuni za hisa, na hisa humfuata mwenye fedha. Watu wa nje wenye uwezo walinunua hisa nyingi, kampuni zikajenga safu za vyumba vya kupangisha, na wanakijiji ambao jina la Mathare lilitumika kuombea msaada na huruma wakajikuta wapangaji wa kampuni zilizozaliwa kutokana na michango yao. Fundisho lake ni zito, na viongozi wa baadaye walilikumbuka kwa uchungu: daftari la hisa huhesabu shilingi na wala halihesabu kaya, kwa hiyo kikundi chaweza kuipata ardhi na bado kikawapoteza watu wake.

Kinachofuata hakieleweki bila kufafanua muundo wa umiliki ulioenea Nairobi katika miaka ya 1970 na 1980. Katika vijiji vingi ardhi ilikuwa ya serikali, na aliyeruhusu mtu kujenga alikuwa chifu au mzee wa kijiji, kwa neno la mdomo na mara nyingi kwa malipo. Aliyepata ruhusa hiyo alijenga safu ya vyumba vya mabati na kuitwa mwenye nyumba, ingawa hakuwa na hati yoyote ya ardhi, na aghalabu yeye mwenyewe aliishi kwingine. Chini yake walikuwa wapangaji, ambao ndio waliokuwa wengi, kila familia katika chumba kimoja, wakilipa kodi kila mwezi bila mkataba wala risiti. Mpangaji alikuwa na hatari mbili: mwenye nyumba aliyeweza kumng'olea mlango au bati la paa alipochelewesha kodi, na serikali iliyoweza kuwaondoa wote wawili. Hatari ya pili iliongezeka kuanzia miaka ya 1980, pale ardhi ya umma iliyokaliwa na watu ilipoanza kugawiwa watu wenye ushawishi wa kisiasa, jambo ambalo Wakenya wamelizoea kwa jina la unyakuzi wa ardhi. Mwezi Mei 1990 kijiji cha Muoroto, karibu na kituo cha mabasi ya mashambani, kilibomolewa kwa ukatili uliolaaniwa na viongozi wa makanisa na hata na baadhi ya wanasiasa, na kabla ya mwaka huo kwisha Kibagare nayo ikabomolewa. Maelfu ya watu walitupwa nje wakiwa hawana mahali pa kulalamika, kwa sababu katika kumbukumbu za serikali hawakuwa wakazi wa mahali popote.

Waliofukuzwa na waliohofia kufukuzwa walianza kukutana, wakisaidiwa na mapadri, na wanasheria wa Kituo cha Sheria, shirika linalotoa msaada wa kisheria kwa maskini tangu miaka ya 1970. Kutokana na mikutano hiyo, mwaka 1996 viongozi wa vijiji kadhaa waliunda Muungano wa Wanavijiji. Katika miaka yake ya kwanza Muungano ulikuwa chombo cha upinzani: watu walijitokeza kwa wingi mahali palipokuwa na notisi ya ubomoaji, wakaenda mahakamani, wakaandamana, wakakesha wakilinda viwanja. Ulikuwa ujasiri mkubwa katika nchi iliyokuwa bado chini ya utawala usiovumilia mikusanyiko, na hautendewi haki na waandishi wanaouruka upesi ili wafike kwenye miradi ya ujenzi. Hata hivyo, upinzani wa namna hiyo ulikuwa na kasoro moja: uliamka notisi ilipotolewa na ukalala hatari ilipopita, ukiwaacha wanakijiji pale pale walipokuwa, wasio na hati wala akiba.

Mabadiliko yalikuja karibu na mwaka 2000, pale Muungano, ukisaidiwa na shirika jipya la Pamoja Trust, lililoanzishwa na mwanasheria Jane Weru aliyekuwa ameongoza Kituo cha Sheria, ulipojifunza utaratibu wa akiba ya kila siku kutoka kwa mashirikisho ya wakazi wa vijiji vya mijini ya India na Afrika Kusini. Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza na mgumu kuudumisha. Mweka hazina, ambaye mara nyingi ni mwanamke, huzunguka mlango kwa mlango akikusanya kiasi chochote ambacho mtu amejaliwa siku hiyo, akakiandika katika daftari la kikundi na katika kijitabu cha mwanachama, na fedha hizo huwa chanzo cha mikopo midogo. Wanawake wa Kenya walikuwa wakichanga kwa zamu katika vyama vyao tangu zamani, hivyo jambo lenyewe halikuwa geni. Lililokuwa jipya ni kwamba mkusanyaji alifika kila siku, na kwa kufika alijua nani anaumwa, nani amekosa kibarua, na nani amefungiwa mlango na mwenye nyumba.

Hapo ndipo msaada wa kikundi kwa uthabiti wa makazi unapoonekana katika umbo lake la kawaida kabisa, ambalo halina mabango wala kesi. Familia nyingi za wapangaji hupoteza chumba kwa sababu ya mshtuko mmoja mdogo, kama vile mtoto kulazwa hospitalini, kazi ya kibarua kukatika kwa majuma mawili au msiba unaodai nauli ya kwenda mashambani, kisha deni la kodi ya mwezi mmoja hugeuka miezi miwili na mlango ukapata kufuli lisilo la mwenyewe. Mkopo mdogo unaotolewa kwa neno la majirani wanaomfahamu mkopaji, bila dhamana ya mali, huikatiza njia hiyo mapema, na kikundi kinapomtuma mzee kwenda kumwombea mpangaji muda, mwenye nyumba husikiliza, kwa kuwa anajua kwamba kikundi hicho hicho ndicho kitakachohakikisha amelipwa. Haya hayaingii katika takwimu za makazi, na kwa sababu hiyo wapangaji mipango wameyadharau, ingawa pengine ndiyo yaliyozuia uhamaji mwingi kuliko amri zote za mahakama zikijumlishwa.

Akiba ilizaa uandikishaji. Kwa kuwa serikali ilidai kwamba haiwezi kuzungumza na umati usiojulikana, vikundi viliamua kuhesabu vijiji vyao vyenyewe. Vijana wa kijiji walipita wakiandika kwa rangi namba juu ya kila mlango, wengine wakafuata na fomu, wakiuliza ni nani anayelala humo, alifika lini, anafanya kazi gani, analipa kodi kiasi gani na kwa nani. Wengine wakachora ramani ya kila kibanda, choo, bomba na kichochoro. Hatua iliyofuata ndiyo iliyokuwa moyo wa zoezi zima: orodha ilirudishwa kijijini na kuchunguzwa hadharani, ili aliyeachwa ajitokeze na aliyejiandikisha mara mbili, au aliyewaingiza ndugu zake wasioishi hapo, aumbuliwe na majirani. Sensa ya serikali haina hatua hiyo, kwa kuwa shabaha yake ni kupata idadi, ilhali daftari la kijiji lilikuwa mapatano baina ya watu juu ya nani ni mwenzao.

Mahali ambapo daftari hilo lilijaribiwa kwa mara ya kwanza hadi mwisho ni Huruma, mashariki mwa jiji, katika vijiji vidogo vilivyokaa juu ya ardhi ya baraza la jiji, Kambi Moto kikiwa maarufu kuliko vingine. Uandikishaji wa mwaka 2001 ulidhihirisha kile ambacho kila mtu alikijua lakini hakuna aliyekitamka mkutanoni, kwamba kijijini kulikuwa na wenye nyumba na wapangaji, na kwamba maslahi yao hayakuwa sawa. Wenye nyumba waliona kwamba kila chumba kilichobomolewa kingepaswa kulipwa kwa nyumba, wapangaji nao wakahofia kwamba maendeleo yoyote yangewapandishia kodi na kuwasukuma nje. Majadiliano yalikuwa marefu na makali. Hatimaye yalifikia kanuni ambayo, kwa kuzingatia historia ya Mathare, inastahili kuhesabiwa miongoni mwa maamuzi makubwa ya siasa za mitaa nchini Kenya: kila familia iliyoandikishwa, iwe ya mwenye nyumba au ya mpangaji, ingepata nyumba moja, na hakuna ambaye angepata mbili. Mwenye vyumba kumi alipoteza kodi ya vyumba tisa, lakini alipata uhakika ambao hakuwahi kuwa nao; mpangaji alivuka kutoka kwenye kulipia chumba cha mwingine hadi kwenye kulipia chake.

Kwa kuwa kijiji kilikuwa kimekwisha kupatana ndani, baraza la jiji lilipata mtu wa kupatana naye. Mwaka 2003 makubaliano yalifikiwa, baraza likakubali ardhi itumike kwa wakazi walioandikishwa na kulegeza masharti ya ukubwa wa viwanja ambayo, kama yangefuatwa, yangewaacha nje zaidi ya nusu ya watu. Kabla ya hapo wanakijiji walikuwa wamesimamisha kielelezo cha nyumba kwa miti na vitambaa, kwa kipimo chake halisi, ili bibi asiyesoma ramani aingie ndani na kuona kama kitanda na jiko vitatosha. Kilichokubaliwa ni nyumba ya msingi wa takriban mita nne na nusu kila upande, inayopanda juu kwa ghorofa kadiri mwenyewe anavyopata fedha, dari zake zikiwa za vibao vidogo vya zege vilivyofinyangwa kijijini na wakazi wenyewe, wengi wao wanawake. Nguvu kazi ilihesabiwa kama mchango, akiba ikawa malipo ya mwanzo, na kilichobaki kikakopwa kutoka Akiba Mashinani Trust, mfuko ulioundwa na Muungano mwaka huo huo wa 2003 kwa sababu hakuna benki iliyokuwa tayari kumkopesha mtu asiye na hati.

Swali la nani aishike hati lina historia yake, na jibu mojawapo lilikuwa limekwisha kutolewa Voi, katika Taita Taveta. Huko, mtaa wa Tanzania-Bondeni ulichagua mwanzoni mwa miaka ya 1990 umiliki wa ardhi kwa amana ya jamii, yaani utaratibu ambao ardhi yote hushikwa na chombo cha wakazi na haiuzwi, ilhali kila familia humiliki nyumba iliyo juu yake na huweza kuirithisha. Kwa watu wa Pwani jambo hilo halikuwa la ajabu, kwani nyumba ya mtu kusimama juu ya ardhi isiyo yake ni desturi ya siku nyingi Mombasa na kwingineko. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye ardhi alikuwa jumuiya ya wakazi badala ya tajiri. Sababu iliyowaelekeza huko ilikuwa ya busara, nayo ndiyo iliyowasukuma wa Nairobi pia: mahali ambapo hati hutolewa kwa mtu mmoja mmoja katika mtaa wa maskini, ugonjwa au ada ya shule humlazimisha kuiuza, na baada ya miaka michache mtaa huwa umejaa wenyeji wapya.

Mwaka 2004 daftari lilipelekwa mahali pagumu zaidi. Shirika la Reli lilitoa notisi kwa maelfu ya familia na wafanyabiashara wadogo waliojenga karibu kabisa na njia ya treni huko Kibera na Mukuru, likitaka ukanda wa mita 30 kila upande uachwe wazi. Muungano na washirika wake walipinga, lakini pia walijitolea kuwahesabu watu wote wa ukanda huo, kwa njia ile ile ya namba mlangoni na orodha kuchunguzwa hadharani. Kazi hiyo ilichukua miaka, ukanda ukapunguzwa upana, na walioandikishwa wakajengewa nyumba na vibanda vya biashara kando ya reli badala ya kutawanywa mbali na mahali walipopatia riziki. Hapakuwa na ushindi kamili, kwa kuwa ucheleweshaji ulikuwa mkubwa na manung'uniko juu ya orodha yalikuwapo. Lakini yeyote anayelinganisha hali hiyo na Muoroto ya mwaka 1990 hawezi kusema kwamba tofauti ni ndogo.

Katiba ya mwaka 2010 iliongeza nguvu za vikundi kwa kutamka, katika ibara ya 43, haki ya kila mtu kupata makazi ya kutosha. Nguvu hizo zilikuwa na mipaka, kama walivyogundua wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, waliokuwa wamejipanga katika chama chao cha Mitu-Bell. Walikwenda mahakamani, wakapata amri ya kuzuia ubomoaji, na mwezi Novemba 2011 nyumba zao zikabomolewa hata hivyo. Chama hakikuvunjika watu walipotawanyika, nalo si jambo dogo, kwa maana kesi ya makazi inayochukua miaka hufa kwa urahisi pale walalamikaji wanapokuwa wamekwisha kuhamia kila mmoja upande wake. Mwezi Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wasio na ardhi waliojenga makazi yao juu ya ardhi ya umma wanapata haki inayolindwa na Katiba, hata kama si haki ya hatimiliki. Uamuzi huo ni miongoni mwa muhimu kabisa barani Afrika katika fani yake, na msingi wake ulikuwa chama cha ustawi cha kijiji kisichokuwapo tena kwenye ramani.

Jaribio kubwa kuliko yote limefanyika Mukuru, kusini mashariki mwa jiji, ambako kaya zipatazo laki moja zinaishi katika Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, juu ya ardhi ambayo sehemu yake kubwa ilikodishwa na serikali kwa watu binafsi na kampuni kwa ajili ya viwanda ambavyo havikujengwa. Utafiti uliofanywa na vikundi pamoja na vyuo vikuu ulionyesha kwamba familia za Mukuru zililipia lita ya maji bei kubwa kuliko familia za mitaa ya wenye uwezo, na matokeo hayo yalisaidia kuishawishi Kaunti ya Nairobi, mwezi Agosti 2017, kuitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa, ujenzi mpya ukasimamishwa wakati mpango unaandaliwa. Kwa kuwa haiwezekani kuita laki moja ya kaya mkutanoni, wakazi walipangwa katika vikundi vya takriban kaya kumi kumi vilivyopewa jina la Tujuane Tujengane, kila kikundi kikiwakilishwa katika ngazi ya juu yake, hivi kwamba maoni ya kichochoro kimoja juu ya upana wa barabara yaliweza kufika kwenye meza ya wapimaji.

Pamoja na hayo yote, mwezi Novemba 2021 sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kwa sababu ya ujenzi wa barabara na mizozo ya ardhi, makumi ya maelfu ya watu wakabaki nje, na wengi wao walikuwa wamekwisha kujadiliana, kupanga na kuandikwa. Daftari la kijiji huilazimisha serikali kumtambua mkazi; halina uwezo wa kuifuta hati ambayo serikali hiyo hiyo ilimpa mtu mwingine miaka thelathini kabla. Na baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, serikali iliagiza nyumba zote zilizo ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mito ziondolewe, ikiahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyohamishwa Mathare na kwingineko. Ni familia zipi zilistahili malipo hayo, na kama aliyekusudiwa alikuwa mpangaji au mwenye nyumba, ni maswali ambayo wakazi wa Kambi Moto walikuwa wameyajibu miaka ishirini nyuma kwa mikutano na mapatano, na ambayo kwenye kingo za mito yalipaswa kujibiwa upya, kijiji kwa kijiji.